Presha ya Usiku Ambayo Hatukuiandika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Kajiado, niliangalia ndani ya jicho la bosi wangu na sikuona kitu. Niliona wekundu tu, kama ule unaouona ukifumba macho juani. Nilikuwa muuguzi mpya wa macho, sare bado inanuka duka, na mbele yangu aliketi Afisa Mkuu wa Kliniki wa idara yetu. Sote tulimwita Mkubwa, na mpaka leo jina lake halisi hunitoka kwa shida.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona vizuri, sir."

"Vizuri ni nini? Vizuri ni rangi? Rudi uangalie."

Nilirudi mara nne. Ile tochi ya macho, kifaa kidogo chenye taa na kioo cha kuchungulia, ilikuwa inateleza mkononi kwa jasho. Mara ya nne nikaona retina, utando ulio nyuma ya jicho, na juu yake mishipa ya damu imetapakaa, myembamba na misafi. Mkubwa alikuwa ameketi bila kupepesa, mkono juu ya goti.

"Sasa sikia," akasema. "Hapa ndipo mahali pekee mwilini unaweza kuona mishipa ya damu ikifanya kazi bila kupasua mtu. Presha ikianza kumharibu mgonjwa, utaiona hapa hata kama yeye anacheka. Na kitu usichokiona, usiandike. Ukiandika cha kubahatisha katika kliniki yangu, utarudi kwenu Nyeri na basi ya mchana."

Basi huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Jicho lake ndilo lililokuwa kipimo changu. Kwa miaka mingi, nikichungulia jicho la mgonjwa, nilikuwa nalinganisha na mishipa ile ya Mkubwa. Nawaambia haya mapema nyinyi vijana mnaoingia kazini, ili mjue nilikuwa na mwalimu mkali na mkweli, na kwamba nilichokuja kumfanyia hakikutokana na kukosa mafunzo.

Kutoka Kajiado nilipelekwa Magadi kwa muda. Joto la Magadi silielezi, atakayeamini ni yule aliyelala huko. Sista Msimamizi wa zahanati niliyofanyia kazi alikuwa mama mfupi mwenye sauti kubwa, na alikuwa na sharti moja. Kila kipimo cha presha kilitakiwa kuandikwa pamoja na saa. Wafanyakazi wengi wa kiwanda cha magadi walikuwa wa zamu, wengine wametoka kulala, wengine wametoka kazini, na alisema presha ya mtu mmoja si sawa asubuhi na jioni. "Namba bila saa ni barua bila anwani," alikuwa akituambia. Mimi niliandika saa kwa sababu niliogopa sauti yake, si kwa sababu nilielewa.

Nilipohamishiwa Kitengela, sharti hilo nililiacha. Wagonjwa wote wa presha walikuja asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, sasa saa niiandikie nini? Mji ulikuwa unakua huku tunautazama. Watu walitoka kila upande wakanunua ploti, na presha ikawa ugonjwa wa kila nyumba. Wakati huo nilikuwa nimeongezewa mafunzo, nikawa naangalia macho na pia nasaidia kliniki ya presha.

Msimamizi wa kituo, binti mchapakazi aliyependa chati kuliko chai, alianzisha kikundi cha wagonjwa wa presha. Kilikutana kila Jumanne. Kila mgonjwa alipimwa, namba yake ikasomwa mbele ya wenzake, na ikiwa nzuri tulimpigia makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja. Mwenye namba mbaya hakupigiwa kitu, ila aliulizwa, "Ulikula dawa kweli?" Watu wazima walikuwa wakiinamisha kichwa kama watoto waliokosa hesabu. Nilikuwa naona ni njia nzuri ya kuwatia moyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza hayo makofi, na nilikuwa nayaongoza kwa nguvu.

Mkubwa alikuwa amestaafu, akajenga Kisaju karibu na ng'ombe wake. Alipopatwa na presha akaja kwetu. Hakupanga foleni, sisi tungewezaje kumpangisha foleni? Aliingia moja kwa moja, akavua koti, akanyoosha mkono na kuniangalia nikifunga mkanda kama bado ananipa mtihani. Presha yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mwezi huo, na mwezi uliofuata, na miaka saba mfululizo. Hakuna mtu aliyepigiwa makofi mengi Kitengela kuliko yeye, na alikuwa akiyapokea kwa kuinua kofia kidogo.

Alikuja kila mara na mke wake, Mama Sein. Mama Sein alikuwa akikaa nje kwenye benchi, mkoba wa mzee mapajani, shuka begani. Nilikuwa nikipita namsalimu kwa Kimaasai, "Takuenya, yieyo," yaani habari, mama, naye akaitikia, "Iko," tukaishia hapo. Sikumkaribisha ndani hata siku moja. Mkubwa hakuwa mtu wa kuulizwa maswali mbele ya mkewe, na kwa kweli hakuwa mtu wa kuulizwa maswali kabisa. Wagonjwa wengine niliwauliza wanalalaje, wanakula nini, wanaamka mara ngapi kukojoa. Yeye nilimwuliza habari ya ng'ombe, na macho yake sikuyachungulia.

Halafu Jumanne moja akaja akaniambia, bila kuketi, "Wambui, jicho la kushoto liko na vumbi. Nimelinawa, haliondoki."

Nilimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja nusu saa, nikafunga pazia na kuwasha taa. Jamani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona macho yaliyochomwa na miiba na macho yaliyopigwa ngumi, lakini vile sikuwahi kuona. Retina nzima ilikuwa imetapakaa damu, kama ukuta uliokung'utiwa brashi ya rangi nyekundu. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu, ulikuwa umeziba na kuvimba, umepindapinda. Nikahamia jicho la kulia nikitumaini nimekosea. La kulia halikuwa limevuja damu nyingi, lakini mishipa ilikuwa imebanwa mpaka mingine inaonekana kama uzi, na palikuwa na madoa meupe, mahali ambapo damu imeshindwa kufika. Jicho lile nililijua kuliko jicho lolote duniani, na sikulitambua.

Niliketi. Nikafungua kitabu chake cha kliniki nikasoma namba. Nzuri, nzuri, nzuri, ukurasa baada ya ukurasa, nyingi kwa mwandiko wangu. Macho yale yalikuwa ya mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi bila tiba, na kitabu kilikuwa cha mtu mwenye afya. Kimoja kilikuwa kinadanganya, na mimi jicho nilikuwa nimeliona mwenyewe.

Kuna wagonjwa wa kliniki. Wauguzi wenzangu mnawajua. Hukaa mwezi mzima bila kugusa dawa, kisha humeza siku mbili kabla ya kuja ili wasigombezwe. Tulikuwa nao wengi, na kwa yale makofi yetu nadhani tuliwazalisha wenyewe. Nikaamua Mkubwa ni mmoja wao. Nilishtuka, nikakasirika, na kwa hasira hiyo nikasema mbele ya msimamizi na wagonjwa watatu waliokuwa mlangoni.

"Mkubwa, hizi dawa unakula kweli, ama unakula za kuja kliniki?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Jicho halidanganyi, sir. Ulinifundisha wewe. Hizi namba si za haya macho."

"Unasema mimi niko na uongo?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nasema jicho la kushoto limeharibika na la kulia linafuata. Ukiendelea kunificha, utakuwa kipofu."

Alivaa koti lake pole pole. Mboni zilikuwa bado zimepanuka kwa matone, kwa hiyo alikuwa haoni vizuri na alikosa tundu la kitufe mara mbili. Nilitaka kumsaidia nikaogopa. Akasema, "Nimekula hizo dawa kila asubuhi kabla ya chai. Hata siku tulizika mama yangu, nilikula." Akatoka. Kupitia mlango niliona Mama Sein akisimama kumshika mkono. Alinitazama akafungua mdomo kama mtu mwenye neno, kisha akamtazama mumewe, akafunga.

Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho Nairobi, nikaituma kwa mwanawe. Daktari alimdunga sindano za jicho kupunguza uvimbe, kisha akanipigia simu mimi mwenyewe. Nilianza kumweleza habari za wagonjwa wanaodanganya. Akanikatiza.

"Sista, hizo presha za miaka saba, mlipima saa ngapi?"

"Asubuhi, daktari. Saa tatu, saa nne."

"Baada ya kumeza dawa?"

"Ndiyo."

"Na usiku?"

Nilidhani anafanya mzaha. Nani anapima presha usiku? Akanieleza kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenigombeza. Mtu akilala, presha yake inatakiwa kushuka, mishipa midogo ipumzike. Kuna watu ambao usiku haishuki. Kuna wengine inapanda kabisa, mchana iko sawa na usiku inagonga mishipa ya jicho, ya figo na ya ubongo mpaka alfajiri. Ukimpima saa tatu asubuhi, dawa imeanza kufanya kazi, utampigia makofi. Nilisimama koridoni na simu sikioni. Ile sauti kubwa ya Sista Msimamizi wa Magadi ilikuwa imenieleza jambo hili nikiwa kijana, nami nilisikia sauti nikaacha neno.

Hospitali yake ilikuwa na mashine moja ya kupima presha saa ishirini na nne, tukaiazima. Ni mkanda wa kawaida wa mkononi uliounganishwa na kiboksi kinachofungwa kiunoni. Mchana unajijaza upepo kila nusu saa, usiku kila saa, na kiboksi kinahifadhi namba na wakati wake. Niliipeleka Kisaju mwenyewe. Mkubwa alinipokea nje, hakunikaribisha chai. Kwa Mkubwa, kutokaribishwa chai ni kama kufukuzwa.

"Umekuja kunichunga?" akauliza.

"Nimekuja kujipima mimi, sir. Ukikubali."

Alinyoosha mkono. Nilifunga mkanda, nikamwonya Mama Sein asiutoe hata ukilia, nikaondoka.

Kesho yake nilirudi kuichukua, tukaunganisha kiboksi na kompyuta ya kituo, mimi na msimamizi wangu wa chati. Mchana, wastani wake ulikuwa mia na ishirini na nane juu ya themanini. Namba ya makofi. Kisha mstari ukafika saa nne usiku, alipolala, na badala ya kushuka ukaanza kupanda. Mia na hamsini. Mia na sitini na tano. Saa tisa usiku, mia na themanini na mbili. Saa kumi na mbili asubuhi akaamka, akameza dawa kabla ya chai, na kufikia saa tatu mstari ulikuwa umerudi chini, umetulia. Msimamizi aliweka mkono mdomoni. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Mtu mkweli kuliko wote niliowajua katika kazi hii nilimwita mwongo mbele za watu, na kila usiku wa miaka saba jicho lake lilikuwa linapigwa.

Daktari wa Nairobi alipoona ile karatasi aliuliza swali moja tu. "Analala na nani? Huyo mtu mwulizeni anavyolala."

Kwa hiyo nilirudi Kisaju mara ya tatu. Safari hii sikwenda kwa mzee, nilikwenda jikoni kwa Mama Sein. Nilimwambia kwamba mimi ni kama mtoto wake, na najua kwa enkanyit, ile heshima yao, mama hazungumzi na mtoto mambo ya kitanda cha mzee. Nikamwambia jicho la kulia bado liko, na tukinyamaza litakwenda.

Aliendelea kukoroga uji. Kisha akasema, "Anakoroma mpaka mbwa wanabweka. Lakini hiyo si shida. Shida ni vile ananyamaza. Anakoroma, halafu pumzi inakatika. Kimya. Mimi nakaa kitandani nahesabu. Nafika kumi na tano, nafika ishirini, nasema leo amekufa. Halafu anashtuka kama mtu ametolewa kwa maji, anaanza tena. Usiku mzima. Mimi nilitoka nikahamia hii nyumba ya jikoni, miaka minne sasa. Sikuweza kumsikia akikufa kila siku."

"Yieyo, kwa nini hukutuambia?"

Akaacha mwiko. "Ningeambia nani? Nimekaa kwa hiyo benchi yenu miaka saba. Uliniuliza nini, Sista? Ulinisalimia."

Niliuchukua mwiko nikakoroga uji usiungue.

Kukatika pumzi usingizini, daktari akatueleza, ndiko kulikokuwa kunapandisha presha. Kila pumzi ilipokatika, mwili ulishtuka kama umevamiwa, na mishipa ikabanwa. Alipewa mashine ya kupumulia yenye barakoa ya kulalia. Alilalamika kwamba inamfanya aonekane kama rubani, lakini aliivaa. Daktari akabadilisha dawa zake na saa za kuzimeza. Vijana, hapa nawakanya: msihamishe dawa za mtu kwenda usiku kwa kubahatisha. Kuna wengine ambao presha yao usiku huporomoka kupita kiasi, na hao mshipa wa jicho hukosa damu, wakaamka hawaoni. Pima kwanza, ndipo ubadilishe.

Jicho la kushoto halikurudi. Anaona mwanga na kivuli cha mtu. La kulia lilisimama pale pale, yale madoa meupe yakafifia, na bado anamjua kila ng'ombe wake kwa rangi. Mama Sein amerudi nyumba kubwa.

Nilikwenda kumwomba msamaha wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Safari hii chai ililetwa. Nilisema yote niliyokuwa nimepanga kusema, naye akasikiliza akiwa amenigeuzia upande wa jicho zima.

"Hiyo imeisha," akasema. "Lakini mimi ulinifuata mpaka hapa mara tatu kwa sababu nilikuwa mkubwa wako. Hayo maneno, ya kukula dawa za kliniki. Uliambia nani mwingine?"

Niliweka kikombe chini. Kwa sababu mara moja, kabla hajamaliza kuuliza, nilikuwa nimemwona akilini. Mama Njoki, muuza mboga wa mtaa wa Noonkopir hapo Kitengela, mwaka mmoja kabla ya haya ya Mkubwa. Namba nzuri, macho mabaya. Nilimwuliza swali lile lile mbele ya kikundi kizima. Alilia, akasema, "Sista, nakula, haki nakula." Nikamwambia aende akadanganye mtu mwingine. Hakurudi tena, na katika daftari tuliandika kwamba ameacha kliniki.

Nilistaafu Ijumaa. Keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, nikasifiwa kwa uangalifu wangu. Jumatatu nilikwenda Noonkopir kuuliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta ameketi mlangoni akichambua sukuma wiki kwa vidole, akilipapasa kila jani. Hakuinua uso niliposimama mbele yake. Nilipomsalimu, ni sauti ndiyo aliyoitambua.

"Ni wewe, Sista wa macho?"

"Ni mimi, Mama Njoki. Nimekuja kukuambia hukunidanganya."

"Mimi nilijua sidanganyi," akasema. "Lakini nilifika nyumbani nikaangalia hizo dawa. Nikasema kama nakula na bado naitwa mwongo, nakula za nini? Nikazimwaga kwa choo."

Niliwahi kufikiri nimeshtuka mara ya mwisho katika kazi hii.

Kesho yake nilimpeleka hospitali Kajiado mimi mwenyewe, nimemshika mkono, tukapanga foleni kuanzia saa moja. Karani wa rekodi alikuwa mama mgeni asiyenijua. Aliandika jina la mgonjwa, umri na mtaa, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyemwita mwongo," nikasema.

Alicheka kidogo, akadhani ni utani wa wazee, akaandika jirani.